SORIASISI SI UKOMA: NAMNA YA KUTAMBUA DALILI ZAKE

Nyamisati ni kijiji cha bandari katika delta ya Mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Vyombo vya kwenda Kisiwa cha Mafia na kurudi hutia nanga hapo, na wakazi wa delta huishi kwa uvuvi wa samaki, kamba na kaa, kwa kilimo cha mpunga, minazi na mikorosho, na kwa mazao ya mikoko. Nyingi ya kazi hizo hufanywa miguu mitupu na mikono wazi, majini na juani, mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo badiliko la ngozi halifichiki kwa muda mrefu, na mtu aliyeota mabaka huweza kuanza kuulizwa maswali kabla hajafika zahanati.

Swali linalotisha kuliko yote ni hili: je, huu si ukoma? Swali hilo lina asili yake. Katika Wilaya ya Rufiji, ambayo Kibiti ilikuwa sehemu yake kabla ya kugawanywa, kipo kijiji cha Kindwitwi, kilichokuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Padri Robin Lamburn, mmishenari wa Kanisa la Anglikana, aliishi na kuwahudumia wagonjwa hao tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1993. Hata leo, Mkoa wa Pwani ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako wagonjwa wapya wa ukoma bado hugunduliwa. Basi hofu ya wananchi si ya bure. Lakini si kila baka ni ukoma, na mojawapo ya maradhi yanayoweza kudhaniwa hivyo ni soriasisi.

Kosa la kuchanganya maradhi haya mawili lina hasara pande zote. Mwenye soriasisi akidhaniwa ana ukoma, huweza kutengwa kwa chakula na kwa malazi, ilhali ugonjwa wake haumwambukizi mtu yeyote. Mwenye ukoma naye akidhani ana ugonjwa mdogo wa ngozi, hukawia kutibiwa, na kila mwezi unaopita mishipa yake ya fahamu huzidi kuharibika. Ndiyo maana yafaa kila mtu azijue dalili.

Soriasisi ni nini

Ngozi ya binadamu hujitengeneza upya wakati wote. Chembe hai, yaani seli, huzaliwa katika tabaka la chini, hupanda polepole hadi juu, hufa na kupukutika bila mtu kutambua. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne. Katika soriasisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, huichochea ngozi ya mwenyewe. Seli huzaliwa kwa haraka mno na kufika juu katika siku chache tu, kabla hazijakomaa. Kwa kuwa haziwahi kupukutika kwa utaratibu, hurundikana na kufanya magamba, na ngozi iliyo chini yake huvimba kwa wingi wa damu.

Ugonjwa huu hausababishwi na uchafu, wala laana, wala kiini kinachoruka kutoka kwa mtu hadi mtu. Kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kushikana mikono au kunyonyesha hakuuenezi. Mwelekeo wa kuupata hurithiwa katika ukoo, ingawa wengi wanaourithi hawaugui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2016 kwamba watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nao.

Dalili zake

Alama kuu ni mabaka yaliyoinuka kidogo, yenye mpaka ulio wazi, yaliyofunikwa na magamba makavu yenye rangi ya fedha au ya kijivu. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba baka la soriasisi ni jekundu. Maelezo hayo hupotosha yanapotumiwa kwa mtu mweusi, kwa sababu katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vema. Baka huwa la zambarau iliyokolea, la kijivu au la kahawia nzito, na likipona huacha alama nyeusi zaidi au nyeupe kidogo kuliko ngozi ya kando.

Mahali pa mabaka nako hufundisha. Soriasisi hupenda viwiko, magoti, sehemu ya chini ya mgongo na kichwani, ambako huvuka mstari wa nywele na kutokeza kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Mara nyingi mabaka hulingana kulia na kushoto. Huwasha, na pengine ngozi hupasuka na kuuma, hasa viganjani na nyayoni.

Kucha ni shahidi wa pili. Huwa na vishimo vidogo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, hubadilika rangi, hunenepa au hubanduka kutoka kwenye kidole. Shahidi wa tatu ni viungo. Baadhi ya wagonjwa hupata maumivu na uvimbe wa vidole, visigino, magoti au mgongo, na asubuhi huamka wakiwa wamekakamaa. Dalili hii isidharauliwe, kwani viungo vikiachwa bila matibabu huweza kulemaa.

Kwa watoto na vijana, ugonjwa huweza kuanza kwa madoa madogo mengi kama matone ya maji, yakatapakaa kifuani na mgongoni wiki chache baada ya koo kuuma.

Maradhi yanayofanana nayo

Choa huwa na umbo la pete: ukingo wake una magamba na vipele, na katikati huelekea kupona. Hutokana na kuvu, huambukiza, na hupona kwa dawa ya kuvu. Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, huwasha mno, mpaka wake haueleweki vizuri, na hupenda mikunjo ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, hali soriasisi hupenda upande wa nje.

Ukoma ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Hata wataalamu wa zamani walikosea hapa. Robert Willan wa London, aliyeeleza dalili za soriasisi kwa makini mwanzoni mwa karne ya 19, bado aliipa mojawapo ya aina zake jina la ukoma. Ni mwaka 1841 ambapo Ferdinand von Hebra wa Vienna aliyatenga kabisa maradhi haya mawili. Kiini cha ukoma chenyewe kiligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873.

Baka la ukoma kwa kawaida ni jeupe kidogo au la rangi ya shaba kuliko ngozi ya kando. Aghalabu haliwashi, halitoki jasho, vinyweleo vyake hupungua, na zaidi ya yote hupoteza hisi. Mgonjwa huweza kuungua kwa moto au kukatwa na chaza asijue. Hivyo kipimo cha kwanza ni rahisi: mgonjwa hufumba macho, naye mpimaji hugusa ngozi nzima, kisha baka, kwa ncha ya pamba. Mgonjwa huonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Mwenye soriasisi kwa kawaida huhisi; mwenye ukoma mara nyingi hahisi. Hata hivyo kuhisi pamba si uthibitisho kamili, kwa sababu ipo aina ya ukoma ambayo mabaka yake hayapotezi hisi mwanzoni. Kauli ya mwisho ni ya mtaalamu, ambaye pia hupapasa mishipa ya fahamu ya viwiko, magoti na shingo.

Ikithibitika kuwa ni ukoma, nao si wa kukatiwa tamaa. Dawa mseto hutolewa bure, matibabu huchukua miezi 6 au 12, na mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa huacha upesi kuambukiza wengine.

Yanayouchochea ugonjwa

Soriasisi huja na kuondoka. Majeraha huiita: siku chache au wiki chache baada ya ngozi kukwaruzwa na chaza, kuchomwa na miiba ya samaki au kukatwa na panga, baka jipya huweza kuota papo hapo penye kovu. Maambukizo ya koo, fadhaa, ulevi na tumbaku huizidisha. Baadhi ya dawa pia huichochea, mathalani aina fulani za dawa za shinikizo la damu, na klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi mwaka 2001.

Soriasisi iliyozuka ghafla na kuenea mwili mzima kwa mtu mzima huweza kuwa ishara ya virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hushauriwa kupima damu. Mabaka peke yake si uthibitisho, kwani wengi wenye soriasisi hawana virusi hivyo.

Matunzo na hadhari

Hakuna dawa iliyokwisha kuung'oa ugonjwa huu moja kwa moja, lakini unatulizwa. Jambo la kwanza ni kulainisha ngozi kila siku, hasa baada ya kuoga. Mafuta ya nazi, ambayo hayakosekani sehemu za delta, yanafaa, na hata mafuta ya mgando ya kawaida. Magamba yasibanduliwe kwa kucha wala kusuguliwa kwa jiwe, maana jeraha huzaa baka. Mganga huweza kuongeza marhamu ya asidi ya salisili ya kulegeza magamba, lami ya makaa ya mawe, au marhamu ya steroidi kwa muda maalumu. Mwanga wa jua kwa kiasi huwasaidia wengi, ila kuungua na jua hudhuru. Ugonjwa ulioenea una vidonge vyake, ambavyo hutolewa kwa uangalizi wa daktari na vipimo vya damu.

Hadhari moja ni kubwa. Vidonge vya steroidi visinunuliwe na kumezwa ovyo. Mabaka hutoweka haraka na mgonjwa hufurahi, lakini vikikatizwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa ukali, ngozi yote ikavimba au kujaa vijipu vya usaha. Ngozi ya mwili mzima ikiwaka na kupukutika, pamoja na homa na kutetemeka, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Asiyepona au asiyetambuliwa vizuri zahanatini apewe rufaa. Tangu mwaka 1992, Moshi kipo Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda, kinachofundisha waganga wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, na wengi wa wahitimu wake hufanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya.

Mvuvi wa Nyamisati mwenye mabaka viwikoni hana sababu ya kujificha, wala jirani yake hana sababu ya kumkwepa. Mwenye baka lisilohisi naye hana muda wa kupoteza. Wote wawili njia yao ni moja, nayo huanzia zahanatini, kwa kipande cha pamba.