Nazi Izamayo: Mti wa Visiwa vya Shelisheli

Wengi wetu twalijua neno shelisheli kwa tunda lipikwalo majumbani. Lakini asili ya mti huo ni visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mzaliwa halisi wa nchi ya Shelisheli ni mti mwingine, mnazi wa ajabu ambao Wafaransa waliuita coco de mer, maana yake nazi ya bahari.

Jina hilo lilitokana na mabaharia wa kale, waliokuta vifuu vyake vikielea hadi Maldivi wasijue vilikotoka, wakadhani mti wenyewe waota chini ya maji. Siri ilifichuka mwaka 1768, Wafaransa walipoukuta kisiwani Praslin.

Mbegu yake ni kubwa kupita zote duniani, yaweza kufika kilo 25. Lakini ukubwa huo ndio udhaifu wake. Nazi yetu ya kawaida huelea ikaota ng'ambo. Hii ikiwa nzima huzama, na kile kieleacho ni kifuu kilichokwisha kuoza ndani. Kwa hiyo mti huu haukuweza kuvuka bahari. Leo waota kiasili katika visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse.

Mwaka 1881 alifika Praslin mwanajeshi wa Uingereza, Jenerali Gordon, yule aliyeuawa Khartoum mwaka 1885. Alipoliona bonde la Vallée de Mai aliamini kwamba ndiyo bustani ya Edeni. Hatumfuati katika dai hilo, ila twauelewa mshangao wake.

Adui wa mti huu ni moto na mwizi. Nazi zake hununuliwa ghali, na kiini chake hutafutwa na wanaodai kwamba huongeza nguvu za mwili. Serikali ya Shelisheli ilitunga sheria ya kuzihifadhi mwaka 1978, na mwaka 1983 bonde hilo liliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Hata hivyo wizi haukukoma.

Ndugu askari, ng'ombe aliyeibwa akipatikana hurudi zizini. Nazi iliyokatwa ikingali changa hairudi mtini, hata mwizi akifungwa. Kukomaa kwake huchukua miaka sita au saba, na mche wake hungoja miaka mingi mno kabla ya kuzaa. Basi mlinzi wa bonde lile hana budi kumzuia mwizi kabla hajakata, maana akichelewa, hakuna mahakama iwezayo kulipa hasara hiyo.