Kompyuta ya zamani: ijaribu Linux Mint kabla ya kuitupa

Msikilizaji, kama unaendesha steshenari Soni au Mlalo, au unatunza hesabu za kikundi kwenye kompyuta, huenda mashine yako inatumia Windows 10. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka, ila mianya mipya ya usalama haizibwi tena kama zamani, na virusi hupata njia. Windows 11 nayo hukataa kompyuta nyingi za zamani. Je, ni lazima ununue nyingine? Si lazima.

Linux Mint ni nini?

Ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiendesha kompyuta, kama Android inavyoiendesha simu. Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux. Mint ilianza mwaka 2006 na hutolewa bure. Menyu yake iko kona ya chini kushoto, hivyo aliyezoea Windows hapotei. Inahitaji memori ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20 kwenye diski.

Unaijaribu vipi?

Faili lake lina karibu GB 3, kwa hiyo bando dogo halitoshi. Mmoja wenu apakue kwenye linuxmint.com, wengine wachukue kwake. Tumia programu ya balenaEtcher kuliandika kwenye flashi ya GB 8. Vilivyokuwemo kwenye flashi vitafutika.

Zima kompyuta, chomeka flashi, kisha washa huku ukibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea aina ya mashine. Chagua flashi. Mint itafunguka kutoka humo, na mfumo wako wa zamani utabaki kama ulivyo mradi usibonyeze alama ya "Install Linux Mint". Itakuwa nzito kidogo, kwa sababu inasomwa kwenye flashi.

Kagua nini?

Jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Fungua barua ya Word kwa LibreOffice, iliyomo tayari, uone kama mpangilio umebaki sawa. LibreOffice ilitokana na OpenOffice, ambayo mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice.

Tahadhari

Programu zilizotengenezwa kwa Windows pekee huenda zisifanye kazi. Kama printa inayokuingizia kipato imegoma, usisimike kwanza. Ukiridhika, nakili picha, barua na hesabu zote kwenye diski ya nje, kwa maana kusimika kunaweza kufuta kila kitu. Chaji betri ijae pia, umeme usije ukakatika kazi ikiwa katikati. Ukiona mashaka, zima, chomoa flashi na uwashe tena: utaikuta Windows yako palepale.