Je, Wajua? Tangazo Lililojifungulia Dirisha
Je, wajua kuwa matangazo yanayochomoza yenyewe kwenye kompyuta yana mwanzilishi anayejulikana? Mmarekani Ethan Zuckerman, akiwa katika kampuni ya Tripod miaka ya 1990, aliandika msimbo wa kufungua tangazo katika dirisha lake peke yake. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani.

Siku hizi mengi ya matangazo hayo hayatokani na virusi hata kidogo: tovuti iliomba kukutumia arifa, nawe ukabofya “Ruhusu” ili uendelee kusoma. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uifute ruhusa hiyo. Ondoa pia viendelezi usivyovitambua. Ukishuku kuna programu za kijasusi, Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender, bila malipo; itumie kuikagua kompyuta nzima. Dirisha likikutisha kuwa kompyuta yako imeambukizwa na kukupa namba ya simu, usiipige kamwe. Walio nyuma ya namba hiyo ni matapeli.