Mguu unaovimba: mashini iliyosoma udongo ndani ya mwili

Mguu unaanza kuvimba pole pole, ngozi inakuwa ngumu, na mtaani maneno inaanza: amekanyaga dawa ya mtu. Hospitalini, jibu la kwanza ni filaria, ile minyoo inayoletwa na mbu. Lakini kwenye milima ya Ethiopia walikuwa wagonjwa wengi ambao hawakuwa na filaria. Basi nini iliwavimbisha?

Daktari Mwingereza Ernest Price alifuata swali hilo katika miaka ya 1970. Katika tezi za wakulima wanaotembea bila viatu kulionekana chembe ndogo sana. Kuziona ni jambo moja, kujua ni za kitu gani ni jambo lingine. Hapo ndipo mashini ya kupima miale ya X ilisaidia.

Inafanya kazi namna gani?

Kipande chembamba cha nyama ya mwili, kilichokaushwa, kinawekwa ndani ya mikroskopu ya elektroni, mahali ambapo hewa imetolewa. Mashini inakipiga kwa elektroni. Moja ikigonga atomu, inafukuza elektroni ya ndani. Ingine inashuka kuchukua nafasi yake, na nguvu inayozidi inatoka kama mwale wa X. Kila elementi iko na nguvu yake, sawa vile kila redio iko na frekansi yake. Kwa kipimo cha kiloelektronivolti, aluminiumu inasikika kwa 1,49, silisiumu kwa 1,74, titaniumu kwa 4,51, chuma kwa 6,40. Mfaransa Raimond Castaing alieleza mashini ya namna hii mwaka wa 1951.

Faida yake: inaonyesha elementi iko mahali gani kabisa. Lakini haisemi elementi zimeungana namna gani, na kitu kidogo sana kinaipita.

Iliona nini?

Silisiumu, aluminiumu, titaniumu na chuma: vitu vya udongo mwekundu. Chembe za udongo ziliingia kupitia ngozi ya miguu. Price aliita ugonjwa huo podokoniosi. Hata watu wasiovimba walikuwa na chembe hizo. Mwaka wa 2012, utafiti wa Ethiopia ulionyesha kwamba urithi wa damu unachangia. Ndiyo maana wawili wanalima shamba moja na mmoja tu anavimba.

Na sisi?

Ugonjwa huu uko Uganda, Rwanda na Burundi, kwenye milima yenye udongo wa volkano. Hapa Kisangani, bonde la chini, tushuku filaria kwanza. Lakini ndugu wa milima ya mashariki wasikilize: podokoniosi inaanzia kwenye vidole na nyayo, mara nyingi miguu yote miwili, na haiambukizi. Dawa ya minyoo haiondoi udongo. Viatu tangu utoto, maji na sabuni kila siku ndiyo kinga. Na ukianza kuvimba, nenda kituo cha afya mapema, usingoje mguu uwe mgumu.