Mkataba wa Kulindana

Ukiwa mkulima wa Kinjumbi unajua kazi ya kukesha katika dungu. Mtu mmoja hawezi kufukuza nguruwe kila usiku. Kwa hiyo majirani hupatana: wakiingia kwa mmoja, wote huamka. Nchi nazo hupatana hivyo. Mapatano hayo huitwa mkataba wa kulindana.

Tanzania haikuingia katika mkataba huo haraka. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Serikali ililazimika kuomba askari wa Uingereza, nchi iliyokuwa imetutawala. Septemba 1, 1964, lilianzishwa Jeshi la Wananchi. Siku zile mataifa makubwa yalikuwa na kambi mbili, ya Marekani na ya Urusi. Tanzania ilikataa kufungamana na kambi yo yote.

Lakini kukataa kambi za wakubwa si kukataa majirani. Tanzania, Zambia, Msumbiji, Botswana na Angola zilisaidiana kuukomboa kusini mwa Afrika. Ziliitwa nchi za mstari wa mbele. Mwaka 1992 nchi za kusini ziliunda jumuiya ya SADC. Agosti 26, 2003, viongozi wake walitia sahihi mkataba wa kulindana mjini Dar es Salaam.

Mkataba unasema hivi: nchi moja ikishambuliwa kwa silaha, amani ya wote imo hatarini, na wote wachukue hatua pamoja. Hata hivyo, kila nchi huchagua namna ya kusaidia. Yaweza kutoa askari, fedha au vifaa.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2017 vita vilianza Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Watu waliuawa. Julai 2021 SADC ilipeleka askari Msumbiji, wakiwamo Watanzania. Waliondoka mwaka 2024, na vita vilikuwa havijaisha.

Basi mkataba una pande mbili. Unapata msaada, nawe unadaiwa msaada. Anayelala zamu yake ikifika, asitegemee wenzake waamke kwa ajili yake.

Maswali ya kujadiliana
1. Mkataba wa kulindana ni nini?
2. Kwa nini Tanzania ilikataa kambi za wakubwa, ikakubali majirani?
3. Vita vya jirani vinaweza kutuletea shida gani?