Sura ya Sita: Chakula Usichokila

Muulize mtu mzima chakula asichokila, hatakuomba muda wa kufikiri. Atataja bamia, mlenda, maini, dagaa au mtindi, na pengine ataongeza kwamba hajakigusa tangu utotoni. Miaka inavyopita, chukizo hilo huwa sehemu ya jinsi anavyojulikana: ndugu huliheshimu, mke humpikia kando, wageni huambiwa mapema.

Machukizo mengi ya namna hii hatukuzaliwa nayo. Tulijifunza, na tunaweza kujifunza upya. Ila hakuna hoja inayoweza kumfanya mtu apende asichokipenda. Kinachomgeuza ni kuonja, tena kuonja kwa ridhaa yake mwenyewe.

Linavyoingia

Mara nyingine chukizo huingia kwa mlo mmoja tu. Mwaka 1955, nchini Marekani, John Garcia na wenzake waliwapa panya maji yaliyotiwa sakarini huku wakiwapitishia mionzi inayodhuru mwili. Tangu hapo panya wale waliyaepuka maji matamu, ingawa utamu haukuwa na kosa lolote. Mwaka 1966 Garcia na Robert Koelling waliligawa jaribio hilo. Panya walikunywa maji yenye ladha, na kila walipogusa maji taa iliwaka na mlio ukasikika. Waliofanywa waugue baadaye waliikataa ladha. Waliopigwa shoti ya umeme waliogopa mwanga na mlio, ladha hawakujali. Tumbo likichafuka, ubongo humshuku kwanza yule aliyepita mdomoni, hata kama zimepita saa kadhaa tangu mlo.

Tabia hiyo imeokoa maisha mengi. Kiumbe anayekula mimea na nyama za kila aina hawezi kungoja sumu imuumize mara tatu ndipo aamini. Hasara yake ni kwamba inahukumu bila ushahidi. Mwanasaikolojia Martin Seligman aliwahi kula nyama kwa mchuzi wa Kifaransa uitwao béarnaise, na usiku ule akatapika sana. Baadaye alijua kwamba aliugua mafua ya tumbo, kwa maana mkewe alikula mchuzi uleule akabaki mzima. Hata hivyo, mchuzi ule ulimchukiza kwa miaka. Ukweli aliujua, akauamini, na haukumsaidia chochote mezani.

Mara nyingine chukizo huingia polepole, kwa njia ya ugeni. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kwa chakula mambo ni kinyume. Mtoto wa miaka miwili, anayeanza kwenda mbali na mama na kuokota kila kitu, huanza pia kukataa vyakula asivyovijua. Wengi hupunguza woga huo wakikua. Kile ambacho nyumbani hakikupikwa kabisa hubaki kigeni, na ugeni ukikaa muda mrefu hugeuka kinyaa.

Senene na askari

Bukoba, mkoani Kagera, msimu wa senene, wadudu wa jamii ya panzi, ukifika, watu hukesha. Taa kali huwashwa, mabati husimamishwa, na senene wanaofuata mwanga hugonga bati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Inafuata kazi ya vidole: kunyofoa mabawa na miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka sinia lijae. Hutiwa chumvi na kukaangwa, na mafuta yao wenyewe hutosha, hadi wakauke na kuwa wakavu wa kutafunika. Mtoto wa Kihaya hugombania sinia hilo. Mgeni aliyelelewa mbali na Kagera huenda akageuza uso. Ndimi zao ni za aina moja. Tofauti iko katika malezi.

Mwaka 1965 Philip Zimbardo na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu askari wa akiba wa Marekani walioombwa wale panzi waliokaangwa. Baadhi waliombwa na mtu mpole na mchangamfu, wengine na mtu mkavu asiyependeza. Ungetarajia yule mpole ndiye awabadilishe. Kumbe walioelekea zaidi kubadili rai yao kuhusu panzi ni wale waliokula mbele ya yule asiyependeza. Maelezo yanatokana na nadharia ya Leon Festinger ya mwaka 1957: mtu akitenda jambo linalopingana na rai yake, hutafuta sababu. Aliyekula mbele ya mtu mwema anayo sababu tayari: nilitaka kumfurahisha. Aliyekula mbele ya mtu asiyempenda hana kisingizio hicho, hivyo hujiambia kwamba labda panzi si wabaya kiasi alichodhani.

Ila askari wale waliweza kukataa, na hilo ndilo jambo kubwa. Mwaka 2002 Robert Batsell na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu utoto wao, na wengi wa waliokumbuka kulazimishwa kula chakula fulani walisema hata sasa hawako tayari kukila. Mzazi anayesimama na fimbo juu ya sahani ya maini anampa mtoto kisingizio kamili: nilikula kwa sababu ya fimbo. Maini hubaki na lawama yote.

Macho hayatoshi

Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kupenda zaidi vitu walivyoviona mara nyingi, iwe ni maneno wasiyoyaelewa au nyuso za watu wasiowajua. Je, kwa chakula kuona kunatosha? Leann Birch alilichunguza swali hilo kwa watoto wadogo. Mwaka 1982, yeye na Diane Marlin waligundua kwamba kadiri watoto wa miaka miwili walivyoonja chakula kipya mara nyingi ndivyo walivyokichagua zaidi, na vingine walivionja hadi mara 20. Mwaka 1987 Birch na wenzake waliwalinganisha watoto walioonja matunda na wale walioyatazama tu. Kutazama kuliwazoesha macho. Ladha haikupendwa mpaka imefika ulimini.

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa mapema. Mtoto akitema mara mbili tatu, nyumba nzima hutangaza kwamba hapendi. Mtu mzima hujifanyia vivyo hivyo, kwa hukumu aliyoitoa akiwa na umri wa miaka mitano.

Kuanza na mlenda

Chukulia mlenda, ambao wengi hawaukatai kwa ladha bali kwa utelezi. Dodoma huliwa na ugali tangu enzi na enzi, na magharibi ya Kenya mrenda una heshima yake. Majani hukatwakatwa, hutiwa kwenye maji yanayochemka na magadi kidogo, kisha hukorogwa mpaka yavutike. Anayeujua huchovya tonge, hulizungusha kidogo ili ute ukatike, halafu hulitia mdomoni. Mgeni huvuta tonge moja kwa moja, ute ukaning'inia hadi kidevuni, na kinyaa kikapata sababu.

Kwa hiyo anza kwa kujifunza kuzungusha tonge. Omba mlenda uliotiwa karanga za kusaga, kwani ladha unayoipenda huivuta ile usiyoijua. Ndivyo watu wa pwani walivyozoea kahawa chungu kwa kuishushia na kashata. Chukua kidogo, ule ukiwa na njaa na miongoni mwa watu wanaoufurahia, kisha uache. Rudia siku nyingine.

Chukizo la zamani halifutwi. Ivan Pavlov aliona kwa mbwa wake kwamba mwitikio uliozimwa hurejea wenyewe baada ya mapumziko. Nawe ukikaa miezi bila kuonja, au ukiugua, kinyaa chaweza kurudi. Usikichukulie kuwa ushahidi kwamba umeshindwa. Kumbukumbu mpya imekaa juu ya ile ya kale, na inahitaji kuongezewa nguvu.

Yaachwe yapi

Kuna makatazo yasiyohusiana na mazoea. Mzio ni hatari, na anayevimba midomo kwa dagaa asijaribu ujasiri. Imani na mwiko vina haki yake: Waganda wa ukoo wa Nsenene hawali senene, na hakuna wa kuwaponya. Jeni nazo zina sehemu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta wanaosema majani ya giligilani yananuka sabuni wakitofautiana na wengine karibu na jeni za kunusia, ikiwemo OR6A2, ingawa hata hiyo haielezi kila kitu.

Ukiyatoa hayo, linabaki fungu kubwa la vyakula tunavyovikataa kwa sababu ya siku moja mbaya, fimbo ya mzazi, au kutokuvijua tu. Hivyo vinastahili kuonjwa tena, kwa sababu anayekataa chakula cha watu kwa kinyaa huwaumiza hata asipokusudia: waliompakulia wanasikia kwamba chakula kinachowalea kinamchefua. Uamuzi wa utotoni uwe na nafasi ya rufaa ukubwani, na rufaa hiyo isikilizwe kwa tonge, si kwa mabishano.