Mwalimu Anayekimbiliwa

Mwaka 2016 ilichapishwa ripoti ya utafiti uliofanyika kwa walimu wa sekondari wa Arusha na Meru. Walimu hao walifundishwa mtaala wa afya ya akili uliotengenezwa Kanada na kurekebishwa kwa ajili ya Afrika. Kazi hiyo iliongozwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Stan Kutcher wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, akishirikiana na wenzake wa Kitanzania, akiwamo Dk. Omary Ubuguyu. Baada ya mafunzo, walimu waliwabaini wanafunzi zaidi ya 200 ambao huenda walihitaji kuonwa na mtaalamu. Wanafunzi hao walikuwapo darasani siku zote, wamevaa sare, wanaitikia majina yao yakisomwa.

Lakini kilichonikaa kichwani si idadi hiyo. Ni wazo jingine la Kutcher, alilolitumia katika shule za kwao Nova Scotia. Anasema usiishie kwa aliyepewa cheo cha kushauri wanafunzi. Mtafute yule ambaye wanafunzi wenyewe humkimbilia. Kila shule inaye.

Nililipeleka wazo hilo Mnyuzi, wilayani Korogwe, kata ya mkonge na ya reli ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga na kufika Korogwe mwaka 1902. Nilimkuta mwalimu wa malezi wa sekondari moja, mwanamke anayefundisha Kiswahili. Ameomba jina lake na la shule yasiandikwe. Hajiogopei yeye, anasema watoto atakaowataja ni rahisi mno kutambulika, maana huku kila mtu ni ndugu au jirani wa mtu. Wanafunzi wanamwita Madam, nami nitamwita hivyo.

Madam alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema basi tuwaulize wenyewe. Akachana karatasi za daftari, akaingia kidato cha pili. Kila mmoja aandike, bila kujitaja, mtu mzima mmoja hapa shuleni ambaye angemwendea siku moyo ukimlemea. Karatasi zikatumbukizwa kwenye boksi tupu la chaki.

Tulizifungulia ofisini kwake. Naiita ofisi kwa heshima tu. Ni stoo yenye mipira iliyoisha upepo, majembe, na ramani ya Afrika iliyochanika pale Kongo ilipo. Viti viwili. Mlango unatazamana na mstarini, na haufungwi, kwa sababu mwalimu na mwanafunzi kujifungia ndani ni kesi nyingine. Kwa hiyo anayekuja kwa Madam anakuja mbele ya macho ya shule nzima, na kabla hajafika kitini darasa limeshajua. Serikali iliagiza tangu mwaka 2002 sekondari ziwe na huduma ya ushauri nasaha. Huduma ipo. Ndiyo hii.

Akaanza kuzipanga mezani kwa mafungu. Fungu la jina lake likawa jembamba. Alilitazama, akarudia kulihesabu, akasema angalau wapo. Fungu la mwalimu wa nidhamu likanenepa, nami nikashangaa, maana huyo ndiye mshika fimbo. Madam hakushangaa. Yule bwana, aliniambia, akimkamata mtoro humuuliza kwanza kama amekula, na mara nyingi jioni hupanda baiskeli akaenda kuona nyumbani kukoje. Wapo walioandika Mungu. Wapo walioandika hakuna, nalo fungu hilo halikuwa dogo. Lakini lililoyashinda yote ni la mama wa jikoni, mpishi wa shule. Wengine waliandika jina lake kamili, jambo lililomshtua Madam, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akilijua.

Baadaye nilimwona mpishi huyo akigawa makande. Anayatia kwa upawa mmoja mmoja, na kila sahani inayorudi anaitupia jicho. Hasemi kitu. Msichana mmoja alirudisha sahani karibu kama alivyopewa. Mama akaipokea, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kando ya jiko. Madam alinieleza kwamba saa tisa, wenzake wakishaondoka, msichana yule atapita tena jikoni. Kuna siku hula, kuna siku huongea tu.

Nilimuuliza Madam yeye hutambuaje. Kwa insha, alijibu. Kuna mvulana aliyekuwa akijaza kurasa mbili, akaanza kuandika aya moja, kisha sentensi tatu, mwandiko ukizidi kusinyaa pembeni mwa karatasi. Wenzake katika chumba cha walimu walimwita mvivu. Huyo, kwa hesabu ya Madam, ndiye hasa wa kushtukiwa.

Kutcher hugawa mambo haya kwa ngazi, na Madam alizielewa upesi nilipomsomea. Aliyefeli mtihani wa mwezi akalia, mwache alie, kesho atacheza. Aliyefiwa na mzazi anahitaji watu wa kukaa naye kwa muda mrefu zaidi, lakini bado si mgonjwa. Wa tatu ni yule ambaye wiki mbili na zaidi halali vizuri, hali, hana hamu hata ya vitu alivyovipenda, masomo yanaporomoka. Huyo ndiye wa rufaa. Hofu ya Madam ni kwamba wa tatu ndiye anayekula viboko, kwa kuwa dalili zake zinafanana na ujeuri na utoro. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au aliyemteua. Hazisemi mtoto aulizwe kwanza analalaje. Na ana hofu ya pili, ambayo sikuitarajia: mwalimu akitoka semina ya afya ya akili, kila anayelia atampa jina la ugonjwa.

Tuseme ametambuliwa sawasawa. Anakwenda wapi? Kwenye karatasi njia imenyooka: zahanati, Hospitali ya Magunga pale Korogwe mjini, kisha Bombo, Tanga. Tena wilaya hii hii, juu milimani Usambara, ina Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali kongwe kabisa za aina hiyo Afrika Mashariki. Wengi wangetamani huduma kama hiyo iwe jirani. Madam anasema ujirani huo ndio unaomponza: akimwandikia mzazi barua ya kwenda hospitali, swali la kwanza ni kama mwanawe anapelekwa Lutindi, na la pili ni nani mwingine ameiona barua. Baadhi huenda kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Madam hawabezi. Anawaomba tu waende na zahanati pia.

Lipo jambo alilolisema kwa sauti ya chini, nami sina jibu lake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Kwetu bado kipo. Mwanafunzi akimwambia Madam kwamba alijaribu, je, barua ya rufaa aiandike kwa maneno gani, na nani aisome? Akificha, daktari hatajua hatari. Akiandika wazi, ameandika kosa la jinai la mtoto aliyemwamini.

Kuhusu mpishi, Madam ameshaamua. Semina ikija, atapendekeza majina mawili kabla ya lake: mwalimu wa nidhamu na mama wa jikoni. Alitoa drooni fomu ya semina iliyopita kunionyesha jinsi majina yanavyojazwa. Kuna safu ya jina, ya somo analofundisha, ya cheki namba, yaani namba ya mtumishi wa serikali. Mpishi analipwa kwa michango ya wazazi. Cheki namba hana, wala somo. Madam amesema kwenye safu ya somo ataandika chakula, wairudishe wenyewe.